Mwalimu, Kimya Chake na Beseni la Bluu

Hakuna mtu mtaani kwetu Nguvumali, Tanga, aliyejua kunyamaza kama Mwalimu. Wapo wanaonyamaza kwa kuwa hawana la kusema, na wapo wanaonyamaza kwa kuwa mke anasema, lakini kimya cha Mwalimu kilikuwa na cheo. Yuko katikati ya sentensi, chaki mkononi, mara neno linakatika. Anapanda juu ya vidole vya miguu, anajinyoosha mpaka unadhani kofia itagusa bati, macho anayapeleka mbali, Pemba huko au mbele yake, na mkono mmoja umeshika ubao kama anauzuia usitoroke. Darasa zima tunaganda. Hata mbu, wallahi, walikuwa wakisita kuuma. Baada ya muda visigino vinashuka taratibu, leso inatoka mfukoni, jasho linafutwa, na sauti inarudi pale pale ilipoachia: "Naam. Tulikuwa kwenye kongosho."

Sisi tulikuwa watu wazima wa darasa la jioni: mafundi, mama lishe, makuli wa bandarini, na mlinzi mmoja aliyekuja na rungu lake na kuliweka juu ya dawati kama rula. Shule ya mchana ilitushinda, tukaivizia jioni. Kila Mwalimu aliposimama vile tulinong'onezana, "Anafikiri huyo," na sisi tukajitahidi kufikiri. Mimi ni fundi baiskeli, na mpaka wakati ule wazo langu refu kuliko yote lilikuwa la mnyororo. Nikaanza kuiga. Mteja akiniuliza kazi itaisha lini, napanda juu ya vidole, natazama mbali, najibu baadaye. Wateja waliniheshimu sana, ingawa kazi haikuisha.

Jina lake silitaji. Kwanza hakuna aliyelitumia. Hata mkewe alimwita Mwalimu, na nasikia hata mamake alipokuwa hai alimwamkia hivyo hivyo. Pili, habari ninayotaka kusimulia inahusu sehemu ya mwili ambayo mtu haitaji jina lake mbele ya wakwe, seuze kuiandika pamoja na jina la mwenyewe. Na habari za ukoo wake, kazaliwa wapi, babu yake nani, hizo waulizeni wanaopenda matanga.

Alikuwa mtu wa kunyooka. Suruali ilinyooka, laini ya nywele ilinyooka, maneno yalinyooka. Kanzu yake ya Ijumaa ilipigwa pasi mpaka ikawa inasimama yenyewe. Niliwahi kuiona ukutani nikaiambia shikamoo. Alikula kidogo, alicheka mara chache, na alikuwa na tabia ya kusahihisha matangazo ya barabarani kwa kalamu ya wino mwekundu. Lakini mtu huyo huyo mnyoofu, ukimwalika kwenye karamu, alichagua kukaa kando kabisa ya mkeka karibu na mlango, na akaaga ghafla kabla ya wali kuisha. Watu wakasema ni unyenyekevu.

Sifa yake kubwa ilikuwa usuluhishi. Watu wawili wakikosana, wanaitwa mbele ya Mwalimu. Nilikuwepo siku ya kesi ya jogoo. Mama mmoja alidai jogoo wake kaliwa na jirani, jirani akaapa kwa viapo vyote mpaka akatumia na vya dini nyingine. Mwalimu akasikiliza. Ghafla akainuka, vidole vya miguu, macho kwenye paa, machozi yakamlengalenga. Kimya. Yule jirani akaanza kulowa jasho.

"Basi, Mwalimu, basi! Nilimla mimi. Lakini hakuwa na nyama!"

Mwalimu, bado ameshika nguzo, akasema kwa sauti ya mbali: "Endelea."

"Na yule tetea wake wa mwezi wa Ramadhani."

"Endelea."

"Na mayai yake."

Mama wa watu hakujua hata kama tetea wake aliibwa. Alidhani ameolewa mtaa wa pili. Watu tukaondoka pale tukitikisa vichwa. Mtu mzima ananyamaza tu, na wezi wanajimwaga kama mchele kwenye gunia lililotoboka! Na kwenye msiba ilikuwa hivyo hivyo. Alipewa nafasi ya kumwelezea marehemu, akafika pahala akasema, "Mwenzetu huyu alikuwa...", akakatika, akashika ukuta, akauma midomo, chozi likamdondoka. Msiba mzima tukaangua kilio. Marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa mgomvi asiyependwa na hata paka wake, lakini hakuna aliyewahi kuliliwa vile mwambao huu.

Sasa niwaambie kilichokuwa kinanishangaza. Mwalimu alitufundisha baiolojia, na mwili wa mtu aliupenda kama mimi ninavyopenda gia. Alikuwa na chati kubwa ya mfumo wa chakula, ya kitambaa, anaitundika kwa msumari. Kinywa, koo, tumbo, ini, kongosho, utumbo mwembamba, vyote alivieleza kwa fimbo kama mtu anayeonyesha mali yake. Lakini sehemu ya chini ya ile chati ilikuwa imeviringishwa na kufungwa kwa mpira wa tyubu, mpira niliomkatia mimi mwenyewe. Akifika utumbo mpana anaharakisha, akifika pale penye mpira anashusha fimbo na kusema: "Na mengineyo mnayajua." Tunafunga madaftari. Mtihani ulipokuja, swali lilikuwa la mengineyo.

Nikadhani ni haya ya kiungwana tu. Watu wa pwani tuna maneno kumi ya kuomba ruhusa ya kwenda msalani na hatutumii hata moja, tunapotea tu.

Tabia nyingine ilinihusu mimi kikazi. Mwalimu alikuwa na ugomvi na siti za baiskeli. Hapa Tanga kila mtu anapanda baiskeli, kwa hiyo mtu akiumwa chochote kuanzia kiunoni kushuka chini, wa kwanza kushtakiwa ni siti. Alikuja kibandani kwangu, akaegesha, akashuka kwa uangalifu kama mtu anayeshuka juu ya ngamia, akasema: "Fundi, siti hii ina uadui na mimi."

Nikamwekea ya sponji. Akairudisha. Nikamwekea ya springi, akaruka nayo hadi Chumbageni na akairudisha. Ya ngozi. Ya baiskeli ya kike. Ya baiskeli ya mtoto, akawa anaonekana kama tembo amekalia kijiko. Zote alizirudisha, nami nikazitundika ukutani zikajaa kama vichwa vya nyati kwenye nyumba ya mwindaji.

"Mwalimu," nikamuuliza, "inakuuma ikiwaje?"

"Hainiumi nikiwa nimeikalia. Inaniuma nikiwa siko juu yake."

"Siti inakuuma hujaikalia?"

"Ndiyo maana nikakwambia ina uadui."

Mpaka alasiri moja akaja kwa miguu. Baiskeli alikuwa ameiacha nyumbani kwa kususa, siku nyingi hajaipanda. Alikuja kuniambia kwamba sasa amepona, kwamba mkosaji kajulikana, na tulikuwa tunakunywa kahawa kusherehekea hukumu. Kikombe kikamponyoka. Akainuka, akashika nguzo ya kibanda, vidole vya miguu, macho mbali. Kibanda kikaanza kutetemeka, siti zote ukutani zikawa zinagongana. Mimi nikakaa kwa adabu, nikangoja busara itoke. Haikutoka. Nikauliza kwa unyenyekevu:

"Unafikiri, Mwalimu?"

"Sifikiri, mpumbavu wewe, naumwa!"

"Wapi?"

"Nyuma!"

"Nyuma ya nini?"

"Nyuma ya kila kitu, fundi!"

Ikapita. Ikapita kama ilivyokuja, na Mwalimu akakaa, uso umerudi, akawa mzima kama mimi na wewe. Ndipo akanieleza, akitazama mnyororo uliokuwa chini ili asinitazame mimi. Alisema ni kama mtu amekunja ngumi humo ndani na kukataa kuikunjua. Inakuja bila sababu: amekula, hajala, amekaa, amesimama, ana furaha, ana huzuni. Inakaza mpaka anaona nyota, kisha inaachia, na hakubaki hata dalili. Yeye aliupa ule ugonjwa jina la Mkaguzi.

"Haji kwa taarifa," akasema. "Anaingia katikati ya kipindi, anakukaza, anakagua, hakuti kosa, anaondoka. Na ripoti haandiki."

"Kwa hiyo siku ya jogoo..."

"Mkaguzi."

"Na pale msibani?"

"Mkaguzi. Marehemu mwenyewe sikumpenda."

Nilijisikia kama mtu aliyeambiwa mwezi ni sahani. Elimu yangu yote, heshima ya mtaa mzima, wezi wa kuku waliotubu, vyote vilitoka huko! Lakini sikuweza kucheka, kwa sababu Mwalimu alikuwa hachezi. Aliamini ni ule ugonjwa mbaya unaokula watu ndani kwa ndani. Alikuwa ameshaamua nani atarithi globu yake ya dunia. Kila usiku, alisema, analala akijua hataamka, na kila asubuhi anaamka na kukuta vipindi vinamsubiri.

"Twende hospitali," nikasema.

"Hospitali ipi? Mji huu kila aliyevaa koti jeupe kapita mikononi mwangu. Nikalale kitandani nimgeuzie mgongo mtu niliyempa sifuri? Kitu pekee nilichonacho ni heshima, fundi. Siku watu watakapojua ninachonyamazia, nitasimama mbele ya nani tena? Bora nife nayo."

Nilimbembeleza kwa miezi. Mwisho nikampeleka Muheza, ambako niliapa hajulikani na mtu. Tumeingia chumba cha daktari, aliyekaa mezani akasimama kwa shangwe: "Shikamoo Mwalimu!" Alikuwa Neema, mwenzetu wa darasa la jioni miaka ya nyuma, dada wa Kisambaa wa mstari wa mbele, aliyekuwa akitoka mazoezi ya kwaya ya Walutheri moja kwa moja kuja darasani. Mwalimu akageuka atoke. Mimi nilikuwa nimeziba mlango.

Nilitolewa nje, kwa haki kabisa. Lakini mlango ulikuwa wa mbao nyepesi, na masikio ya fundi yanasikia beringi iliyokufa kutoka ng'ambo ya barabara.

"Inauma wapi, Mwalimu?"

"Baada ya utumbo mpana."

"Baada ya utumbo mpana kuna nini?"

Kwa sauti ndogo: "Na mengineyo mnayajua."

"Hatukuyajua," Neema akasema. "Lile swali nililiacha wazi. Kilichonipeleka kusomea udaktari ndicho hicho, nikaone palikuwa na nini pale chini ya mpira."

Akampima. Akamuuliza kama kuna damu, kama amepungua, kama choo kimebadilika; hakuna. Akamtuma kwa vipimo vingine ili asibakize shaka, tukarudi wiki zilizofuata, na vyote vikatoka safi. Akamwambia ni msuli tu. Unakaza wenyewe, kama ule wa mguu unavyomkaza mchezaji mpira akaanguka uwanjani bila kuguswa na mtu.

"Kwa nini?" Mwalimu akauliza.

"Hatujui."

"Mmesoma miaka yote ile, hamjui?"

"Hatujui, Mwalimu. Unakuja, unaondoka, hauui mtu. Ukija, kalia maji ya uvuguvugu kwenye beseni. Vuta pumzi ndefu. Tembea, au chuchumaa. Chooni usijikamue. Lakini ukiona damu, au maumivu yakikataa kuondoka, usimwambie fundi, niambie mimi."

Nikasikia sauti kama ya tyubu inayotolewa upepo. Alikuwa Mwalimu, anashusha pumzi aliyoizuia tangu sijaanza darasa.

Kwa hiyo akanunua beseni la bluu, akairudia na baiskeli yake. Nikalifunga kwenye keria kwa mipira ya tyubu, na chupa ya chai yenye maji moto ikaning'inia kwenye usukani. Kifo kilikuwa kimeondoka lakini heshima bado ilikuwa inalindwa. Tuliojua tulikuwa sisi wawili, Neema na mimi. Mtaa ukaona beseni ukafanya hesabu zake. "Mwalimu, samaki wapo?" wanamwita. Yeye, bila kugeuza shingo: "Wamekwisha." Akasifiwa kwamba ana biashara nzuri, kila siku anamaliza. Akatunga na kanuni yake ya kupumua, ambayo mimi naitumia mpaka leo hata kwenye tairi gumu: vuta kama unanusa pilau ya jirani, toa kama unapoza chai.

Sasa tuingie Kigombe, kijiji cha pwani, ambako nusura nikose mke.

Kulikuwa na binti akiitwa Mwanahamisi, mwenye baiskeli ya kijani ambayo breki zake nilizitengeneza mara nyingi kuliko zilivyoharibika. Baba yake alikuwa mnunuzi wa pweza, mtu mkali kiasi kwamba nasikia hata pweza walinyooka mikono wakimwona. Na nyumba ile ilikuwa na desturi yake. Mshenga akiketi mkekani kuleta posa, haruhusiwi kuinuka mpaka apewe jibu. Akiinuka kabla, maana yake amejitoa, na posa haipokelewi tena. Aliyenitangulia alikosa kwa njia hiyo: mshenga wake aliinuka kumfukuza mbuzi aliyekuwa anakula kiatu chake. Kiatu kilipona, mke akapotea.

"Mwambie mshenga wako," Mwanahamisi akaniambia, "hata nyoka apite, asiinue kitu. Baba hana mara ya pili."

Mshenga wangu angekuwa nani kama si Mwalimu? Mtu ambaye kimya chake kinatoa kuku matumboni! Nilipompa sharti akaiweka chini kalamu yake nyekundu.

"Na Mkaguzi?"

"Atabaki Tanga, Mwalimu. Kigombe hakujui."

"Mkaguzi hana mipaka, fundi. Angekuwa nayo tungemvusha Horohoro tukamwacha Kenya, tukarudi."

Lakini akakubali. Siku yenyewe akavaa ile kanzu inayosimama yenyewe. Akanunua beseni jingine, jipya, la bluu vile vile, maana la zamani lilikuwa limepauka na hakutaka hata msiri wake aonekane mchakavu. Akalifunika kwa kitambaa cheupe, akalifunga kwenye keria, akafika Kigombe. Wanawake wa nyumba ile wakatokea mlangoni, wakaona mshenga na kitu kipya kimefunikwa kitambaa cheupe. Nyie mngedhani nini? Vigelegele! Beseni likafunguliwa kamba, likapokelewa kwa mikono miwili, likaingizwa ndani, na chupa ya chai ikafuata. Mwalimu alilisindikiza kwa macho. Angesemaje? Kwamba zawadi ile ni ya makalio yake?

Mimi kwa desturi sikutakiwa kuwepo, kwa hiyo nilikuwa nyuma ya ua wa makuti, najifanya natengeneza baiskeli ya jirani isiyo na ubovu. Kwenye tundu la makuti niliona kila kitu. Mwalimu katikati ya mkeka. Mbele yake baba na wazee watatu wa ukoo, wanatafuna visheti. Kando yake shangazi wa Mwanahamisi, mwanamke mwenye jicho la kuhesabia mifupa ya samaki aliye bado majini.

Mwalimu akasema maneno ya posa, akasema vizuri mpaka mimi mwenyewe nikajitamani. Wazee wakaingia ndani kushauriana, wakatoka. Baba akakohoa.

"Mwalimu, jambo lenu tumelitazama. Na jibu letu sisi..."

Nikaona bega la Mwalimu limeruka. Nikajua. Mkaguzi kafika Kigombe.

Alipigana, Mungu shahidi. Aliegemea tako la kulia, akaegemea la kushoto, akakalia kisigino, akavuta pilau, akapoza chai. Baba akasita katikati ya jibu.

"Mbona mshenga anahangaika kama kuku anayetafuta pa kutagia?" shangazi akasema.

Na Mwalimu akainuka. Akapanda juu ya vidole, akashika mwimo wa mlango, macho mbali. Spana ikanidondoka.

"Ameinuka," shangazi akasema. "Wote mmeona? Mimi sijasema kitu, nasema tu ameinuka."

"Mwalimu," baba akauliza polepole, "umejitoa?"

Hapo ndipo nilipomjua yule mtu. Kwa maana alikuwa na kile kimya chake, kimya ambacho hakijawahi kumwangusha. Angenyamaza tu na kutazama paa, wangesema mshenga kaona kasoro, mtu mwenye busara ile hainuki bure, na angerudi Nguvumali na heshima yake yote kwenye keria. Mimi ndiye ningerudi mikono mitupu. Niliona kwenye tundu jasho likimshuka, na midomo ikitafuta neno ambalo hakuwahi kulisema mbele ya watu. Kisha akasema, kwa sauti ile ile ya darasani:

"Sijajitoa. Nimebanwa. Msuli wa njia yangu ya haja kubwa umekaza, haukuniomba ruhusa, na utaachia wenyewe Mungu akipenda. Naomba beseni langu."

Pakawa kimya ambacho hata yeye hakuwahi kukitengeneza.

"Beseni lako lipi?" shangazi akauliza.

"La bluu. Mlilolipigia vigelegele."

Shangazi akageukia ndani, akageuka nje. "Lile tulilotia visheti?"

Wazee watatu wakaacha kutafuna kwa pamoja.

"Ni jipya," Mwalimu akasema, meno yamekutana. "Halijakaliwa. Nilikuwa nalitunzia leo."

"Alhamdulillahi," mmoja akasema, akameza.

Nilikuwa nimeshaanza kumuaga Mwanahamisi moyoni, pamoja na baiskeli yake ya kijani. Ndipo baba naye akainuka. Akamsogelea Mwalimu karibu, akashusha sauti, lakini mimi na makuti yangu tukasikia.

"Inakaza kama ngumi?"

"Kama ngumi."

"Halafu inaachia, unabaki kama hakukuwa na kitu?"

"Bila ripoti."

Baba akamgeukia dadake. "Miaka yote mnasema naondoka barazani bila kuaga. Mnasema nina mwanamke Pangani."

"Si unaye?"

"Nina msuli!"

Nyumba ikalipuka. Wanawake wa ndani, waliokuwa wanasikiliza mlangoni, wakacheka mpaka mmoja akakaa juu ya kinu. Visheti vikahamishiwa sinia, maji moto yakaja, Mwalimu na beseni lake wakapelekwa uani kwa adabu zote kama bwana harusi. Shangazi peke yake hakucheka. Alitaka sheria ifuatwe.

"Sasa wameinuka wote wawili, mleta posa na mwenye nyumba. Nani amejitoa?"

"Hakuna," baba akasema. "Mshenga tumemkubali. Na huyo fundi atoke nyuma ya makuti, miguu yake tunaiona tangu asubuhi."

Beseni lile jipya tuliachiwa sisi, na tunalo mpaka leo. Mwanetu wa kwanza kaogeshwa humo, na shangazi alipokuja kumwona mtoto, aliliangalia kwanza beseni.

Lakini usidhani Mwalimu hakupoteza kitu. Habari ilifika Nguvumali kabla yake, tena ikiwa imenenepa. Siku kadhaa hakutoka nje. Kisha watu wakaanza kugonga. Akaja mlinzi na rungu lake, akanong'ona kwamba rafiki yake ana tatizo fulani. Akaja kuli mwenye rafiki huyo huyo. Mzee wa msikitini na mzee wa kwaya walikutana mlangoni kwa Mwalimu, kila mmoja akadai amekuja kuazima kitabu. Aliwafundisha wote kupumua, na wote akawaambia waende kwa Neema wakapimwe kwanza, maana si kila anayekaza ni Mkaguzi. Walimpenda kuliko zamani. Kilichokufa ni kile kimya. Yule mla jogoo alishtakiwa tena, safari hii kwa bata. Mwalimu akasimama juu ya vidole, akatazama paa. Mshtakiwa akaruka: "Mleteeni maji ya moto, jamani, mzee wa watu anaumia!" Akakimbia kuyachemsha mwenyewe, na kesi ya bata haijaamuliwa mpaka leo.

Mara ya mwisho kumwona ni majuzi. Amestaafu, anatembea na bakora, na baiskeli kamwachia mjukuu. Darasa la jioni walimwalika aje awape kipindi kimoja cha kuagana. Tulikwenda sisi wa zamani pia, tukabanana nyuma ya vijana; Neema alitoka Muheza. Mimi nilibeba beseni lake la zamani, lile lililopauka, na chupa ya chai, nikaviweka mlangoni, tayari.

Chati ilikuwa ile ile, imetundikwa msumari ule ule, chini imeviringishwa. Akaanza kinywani. Sauti imepungua lakini imenyooka. Tumbo, ini, kongosho, utumbo mwembamba. Akaharakisha kwenye utumbo mpana, kama kawaida yake, akafika kwenye mpira. Akanyamaza. Akashika ubao, macho mbali.

Vijana wakatazamana. Mimi nilishaanza kumimina maji.

"Weka chini hiyo chupa, fundi," akasema bila kugeuka. "Hajaja mtu. Safari hii nafikiri."

Nikaiweka. Akafikiri kwa kitambo. Kisha akaninyooshea mkono, akasema, "Lete kisu, ukate mpira wako."

Nikakata. Kitambaa kikateremka mpaka kikafika sakafuni. Sehemu ya juu ya ile chati ilikuwa imepauka kwa miaka ya jua na vumbi la chaki, lakini kipande cha chini, ambacho hakikuwahi kuona mwanga, kilikuwa na rangi kali, mpya kabisa, kama kimetoka dukani jana.

Mwalimu akainama, taratibu, akaweka ncha ya bakora pale chini kabisa.

"Naam," akasema. "Tulikuwa hapa."